Shuka la Redio Mabegani mwa Shangazi

Ukitaka kumjua Shangazi, msikilize anapoomba. Hapigi magoti, maana magoti yake yaligoma zamani. Huomba huku akikunja mashuka, midomo ikicheza kidogo, na anayempita kwa karibu hasikii sifa wala shukrani, bali manung'uniko ya mtu aliyetumwa dukani wakati ndiyo kwanza amekaa. "Sasa Bwana, na hili nalo? Hukuona mwingine?" Kisha pindo kwa pindo, kiganja juu ya kitambaa, na shuka jingine linalala rafuni limenyooka kama tofali.

Kazini kwake, kwenye dobi kubwa inayofua nguo za hoteli na hospitali, wote humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Aliingia pale akiwa msichana, akawekwa sakafu ya maji. Ndivyo wanavyoiita ile nusu ya jengo yenye mashine za kufulia, ambako sakafu haikauki, viatu vya mpira havikauki, na mtu akikaa sana hata sauti yake huwa kama ya mwenye mafua. Huko ndiko magoti yalikoharibikia. Aliolewa na fundi baiskeli akiwa huko, akazaa akiwa huko, watoto wakakua wakaenda zao, ndipo akahamishiwa meza ya kukunjia, upande mkavu, wenye dirisha na stuli. Stuli ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alijua imani yake haitaki mtu ashikamane na vitu vya dunia, lakini kwa stuli, alisema, Mungu ataelewa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kunyamaza mtu akionewa. Si kwamba alikuwa jasiri. Mara nyingi alijutia kabla hajamaliza sentensi. Alipata kumtetea mzee mmoja aliyerukwa kwenye foleni, yule mzee akapita mbele, akahudumiwa, akaondoka bila kugeuka, na Shangazi akakuta nafasi yake mwenyewe imechukuliwa. Mumewe akimwona amerudi na uso wa jioni kama hizo huuliza tu, "Leo umemtetea nani?"

"Mtu ambaye hata hakunisalimia."

"Si umwache?"

"Ningemwacha, baba. Ningemwacha kabisa. Tatizo ni huyu ninayemfuata."

Yesu, kwa maelezo ya Shangazi, alikuwa na tabia ya kwenda kukaa na watu waliotupwa nje, wala hachagui wenye adabu. Ukimfuata, huko huko ndiko unakojikuta, upende usipende, viatu vimejaa matope. Mtu anayetaka dini ya kukaa mahali pasafi atafute nyingine.

Na katika waliotupwa nje wote, hakuna aliyemchosha kama Redio.

Redio alikuwa mpiga pasi. Jina alipewa kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Aliazima chanuo, akarudisha lina nywele zake. Aliambiwa siri asubuhi, saa sita mlinzi wa getini alikuwa akimpa pole mwenye siri. Alikuwa na moyo mwema, kila mtu alikubali, lakini ule moyo ulikaa mbali sana na mdomo.

Sasa, pale dobi kulikuwa na jambo lao. Liliitwa kuvishwa shuka. Lilianza kama mzaha wa wafanyakazi wenyewe: zamani, mtu akiunguza shuka kwa pasi, wenzake walimfunga lile shuka shingoni, wakamwita bibi harusi, wakacheka mpaka chai, basi. Mwenye Dobi akaona, akacheka nao. Kisha akaona kwamba tangu mzaha uanze mashuka hayaungui sana, akaupenda kwa namna nyingine. Akasema livaliwe hadi jioni. Baadaye akasema anayelivaa akasimame kaunta awape wateja nguo zao, na akiulizwa ajibu mwenyewe kwa kinywa chake, "Nimeunguza." Wafanyakazi wakabaki kutazamana. Ni vigumu kulikataa jambo ulilolianzisha kwa kucheka.

Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, kila safari, alikuwa Redio. "Jamani bibi harusi katoka! Mahari iko wapi?" Kulikuwa na mpiga pasi mwenzake aliyevishwa akiwa na mimba, miguu imevimba. Redio alimwimbia mpaka yule mwanamke akaenda kulia chooni.

Ikaja Jumamosi. Redio alikuwa akiwaigizia wenzake mteja mmoja anayenusa kila taulo kabla ya kulipokea. Aliigiza vizuri, hilo lisemwe. Alinusa huku, akanusa kule, akainua mikono yote miwili, na pasi akaiacha imelala kifudifudi juu ya shuka la hospitali.

Harufu ilifika kabla ya moshi. Halafu akafika Mwenye Dobi.

Alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya upole, hakuwahi kufoka. Kanisani, ambako yeye na Shangazi na Redio walisali pamoja, alikuwa mzee wa kanisa, ndiye msoma matangazo. Aliliinua shuka, akalitazama lile doa la kahawia lenye umbo la pasi, akamfunga Redio shingoni kwa mkono wake, taratibu, kama anamfunga mtoto kitambaa asimwagikiwe na uji.

"Kaunta," alisema, akarudi ofisini.

Redio alianza kucheka ili awahi kabla hawajamcheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani. "Leo si ndiyo kwaya wanakuja kuchukua majoho?"

Ilikuwa hivyo. Majoho ya kwaya yalikuwa yamening'inia pale pale nyuma ya kaunta, yamefunikwa nailoni. Na Redio alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili.

Shangazi alimkuta stoo, katikati ya magunia ya sabuni, ameketi chini na lile shuka limemzunguka kama hema lililoanguka.

"Shangazi, nisemee kwa Mzee."

"Ungefikiria hayo kabla ya kutuigizia."

"Najua."

"Na yule mwenzako mwenye mimba, ulipomwita bibi harusi?"

"Najua, Shangazi."

Shangazi akangoja yaliyobaki. Redio hakuwahi kujibu kwa neno moja tangu azaliwe. Ile najua, najua ilimtisha kuliko machozi.

"Hapa najua mnaniitaje," Redio alisema hatimaye. "Nyumbani mama mkwe ananiita debe. Kule kwaya wananiita dada. Ndiyo mahali pekee sijachekwa. Wakinikuta nimefungwa hivi, halafu niseme mwenyewe nimeunguza, haki ya Mungu sirudi tena. Si kwaya tu. Kanisa."

"Usiapie."

"Basi siapi. Lakini sirudi."

Shangazi alijua kwamba mengi anayosema Redio hupeperuka. Hili halikuwa mojawapo. Akashika ukuta, akageuka, akaenda ofisini akiwa amekasirika tayari, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa Redio.

"Mzee, naomba Redio asikae kaunta leo."

"Aliunguza au hakuunguza?"

"Aliunguza."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Mpe onyo. Msugulishe sakafu nzima. Usimtembeze tu mbele za watu kama mbuzi wa mnada."

"Shangazi, ni mzaha. Na mlioanzisha ni ninyi."

"Ndiyo, sisi wajinga tulianzisha. Sasa tunakuomba uutupe."

Mwenye Dobi alitabasamu kwa upole wake. "Kanisa ni kanisa, kazi ni kazi."

"Kwani Mungu naye ana likizo? Kesho utasimama pale mbele utuambie tupendane, na mimi nitakuwa nimekaa nyuma nakutazama."

"Nitazame," alisema. "Matangazo nitayasoma vizuri."

Shangazi alipotoka pale akampigia mchungaji simu. Mchungaji aliipokea akiwa mahali penye kelele za watoto, akasikiliza, akaguna panapostahili kugunwa. "Hilo ni jambo la kuombea, mama."

"Ombea, baba, lakini uombe upesi. Kwaya inafika saa nane."

"Tutumie hekima, mama. Tusivuruge amani kati ya mwajiri na waajiriwa wake."

Shangazi aliitazama simu kama mtu anavyotazama sufuria aliyoambiwa ina chakula.

Wakabaki wenzake. Aliingia chumba cha pasi, akasimama katikati ya mvuke. "Sikilizeni. Tukimwendea Mzee wote kwa pamoja, atatusikia."

"Kwa ajili ya Redio?" Ni yule aliyekuwa na mimba wakati ule, mtoto sasa anatambaa. "Alinicheka mbele ya wateja, Shangazi. Acha aonje."

"Kweli alikucheka. Hata mimi angenicheka. Sikuulizi kama anastahili."

"Unauliza nini?"

"Nauliza nani atakwenda nami."

Pasi zote zikaanza kufanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Hata za wale waliokuwa wamemaliza.

Akarudi kwenye meza yake, akakaa kwenye stuli yake, akachukua shuka. Midomo ikaanza kucheza. Bwana, dunia imejaa wapole wanaoonewa, wajane wasiosema neno, watu ambao ukiwatetea unajisikia mwema hata usiku unalala vizuri. Mbona mimi umenipa huyu? Hakujibiwa. Hakuwahi kujibiwa. Kimya kile alikizoea, na maana yake siku zote ilikuwa inuka.

Akainuka. Redio alikuwa tayari kaunta, amesimama kama mtu anayesubiri sindano.

"Toa."

"Nini?"

"Hilo shuka. Hebu inama, wewe mrefu."

Akalifungua fundo, akalivuta shuka, akajifunga mwenyewe, doa la kahawia likamkaa kifuani. Lilinuka moshi na wanga.

"Shangazi, watasema nimekutupia makosa yangu!"

"Waache waseme. Nenda ukakae mezani kwangu. Pindo kwa pindo, na usiongee na mtu."

"Lakini mimi kukunja..."

"Nenda!"

Habari ilifika ofisini kwa kasi ya habari zote za pale. Mwenye Dobi alitoka, akasimama upande wa pili wa kaunta kama mteja.

"Hiki ni nini?"

"Shuka."

"Naliona. Livue."

"Ulisema lazima livaliwe leo. Limevaliwa."

"Mimi sitaki ulivae wewe."

"Na mimi sitaki alivae yeye. Tuko sawa."

Akatazama mlangoni, akashusha sauti, na ilipozidi kuwa ya upole ndipo Shangazi alipojua jambo zito linakuja. "Kwaya ikikukuta hapa hivyo, Jumatatu usikae meza ile. Kule kwenye maji kuna nafasi."

Hakungoja jibu. Shangazi akabaki na kaunta yake. Alifikiria sakafu ya maji, unyevu ukipanda kwenye mifupa, viatu vya mpira. Aliifikiria stuli. Hasira ikampanda kwa zamu: kwa Redio, kwa mchungaji, kwa wale wenye pasi, kwa nafsi yake ambayo ingeweza kuolewa na kuzeeka kimya kimya kama za wengine, na mwisho, kidogo, kwa Yesu. Mkono wake ulifika kwenye fundo. Ukakaa pale. Fundo halikufunguliwa.

"Shangazi!" ikaja sauti kutoka kwenye meza ya kukunjia. "Foronya hizi zinakunjwa mara ngapi?"

"Kunja, nyamaza!"

Kwaya ikafika. Mbele alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba asiyejua kuzungusha maneno, na nyuma yake akina mama wa kwaya waliokuwa wakiongea wote kwa pamoja. Wakanyamaza mmoja mmoja.

"Shangazi," mwalimu aliuliza, "una homa?"

"Sina."

"Mbona umejifunika?"

"Hapa kwetu anayeunguza shuka hulivaa, akasimama hapa watu wamwone."

"Kumbe umeunguza. Pole."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Angeitikia tu, "Ahsante," mambo yakaisha. Lakini uongo ulimkwama, na jambo hilo nalo likamuudhi. "Sikuunguza."

"Nani kaunguza?"

"Simsemi."

"Sasa mbona umelivaa wewe?"

"Kwa sababu ningemtazama mwenyewe amelivaa, ningemwonea huruma mchana kutwa. Huruma inanichosha kuliko shuka."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mwenye Dobi alitoka na uso wake wa Jumapili. "Karibuni, karibuni wapendwa! Msishangae, huu ni mzaha wetu tu wa kazini."

Mwalimu akamtazama Shangazi. Akawatazama wapiga pasi waliokuwa wamejazana mlangoni mwao. "Mzaha? Mbona sioni anayecheka?"

Hakuwa akikejeli. Aliuliza kama angeuliza ufunguo wa wimbo. Mwenye Dobi akacheka ili kuijaza ile nafasi. Kicheko kikatoka peke yake, kikarudi peke yake.

"Na wewe Mzee ukiunguza," akauliza mama mmoja wa kwaya, mkongwe, "huwa unalivaa?"

"Mimi sipigi pasi, mama."

"Ahaa," alisema yule mkongwe. Neno lenyewe ni hilo tu, lakini aliliachia lende mbali.

Na wakati huo huo, wakati mambo yalikuwa karibu kukaa sawa, wakati jina halijatajwa na kilichobaki ni kugawa majoho watu waende, Redio alitokea mbio kutoka kwenye meza ya kukunjia, ameshika foronya mkononi.

"Ni mimi! Niliyeunguza ni mimi! Shangazi hana kosa, msimtazame hivyo!"

Shangazi alifumba macho. Mchana wote, ofisi, simu, pasi, magoti yake, vyote vilikuwa kwa ajili ya huyu mtu asijulikane, na huyu mtu amekuja kujitangaza mwenyewe. "Ee Mungu," alisema kwa sauti, "mtoto huyu!"

Redio akaibana foronya kifuani. "Nilikuwa naigiza mteja. Nikaisahau pasi. Ni mimi."

Mtu akapumua. Kisha mama mkongwe akapita chini ya ubao wa kaunta bila kuomba ruhusa, akamshika Redio mikono, akaigeuza viganja juu. "Umeungua, dada? Hebu nione."

"Sijaungua."

"Una bahati. Mimi nilijiunguza hapa, ona, kovu halijaondoka." Na akina mama wengine wakasogea kuonyesha makovu yao ya pasi na sufuria, na kwa muda pale kaunta pakawa kama zahanati. Hakuna aliyecheka. Redio alilia kwa sauti kubwa mno, kama alivyofanya kila kitu.

Mwenye Dobi alisimama amezungukwa na watu ambao kesho wangekaa mbele yake kwenye mabenchi. "Livue sasa, Shangazi," alisema. "Tafadhali."

"Na Jumatatu akiunguza mwingine?"

Akamtazama mwalimu. Akamtazama mkongwe, ambaye alikuwa bado na ile ahaa usoni. "Litakatwa matambara. Aliyeunguza atapewa onyo ofisini."

"Mmesikia?" Shangazi aliwageukia wapiga pasi. "Au masikio nayo yako kazini?"

"Tumesikia, Shangazi," alijibu mama wa yule mtoto anayetambaa, akiangalia chini. Alikuja yeye mwenyewe, akafungua fundo, akalichukua shuka.

Jioni, wakati wa kufunga, Mwenye Dobi alimsimamisha mlangoni. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo, ilikuwa imepigwa pasi. "Lile la Jumatatu nililokuambia liko pale pale. Neno langu ni neno."

"Na lile la matambara?"

"Nalo ni neno."

"Basi," alisema Shangazi. Alikuwa amebakiza foronya zote za Redio za kukunja upya, kwa kuwa zilikunjwa kama maandazi, na alizikunja akinung'unika mpaka rafu ikajaa.

Nyumbani mumewe alimtazama, akafungua mdomo.

"Usiniulize," alisema Shangazi. Hakuuliza. Alienda kuchemsha maji, akamletea beseni na kitambaa cha kukanda magoti, na walipokuwa wamekaa hivyo Shangazi akamwambia kuhusu sakafu ya maji. Mumewe alikamua kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akasema vile viatu vya mpira vya zamani vya Shangazi vimepasuka, atavitafutia kiraka cha tairi.

Kesho yake kanisani Mwenye Dobi aliyasoma matangazo vizuri, kama alivyoahidi, bila kutazama mabenchi ya nyuma. Kwaya ikasimama na majoho yao yaliyonyooka. Shangazi alinyoosha shingo. Safu ya kwanza hakumwona. Safu ya pili, kulia, yule pale, jicho limevimba kwa kulia, joho limefungwa kifungo kimoja kimoja hadi kidevuni.

Wakaanza kuimba, na sauti ya pili ikatoka mle kanisani ikiwa nyuma kidogo ya wenzake na juu sana ya wenzake, imejiachia, haina habari na mtu. Shangazi aliiinamia mikono yake. Mama aliyekaa naye akampa kitambaa, akamnong'oneza, "Bwana amekugusa."

"Ananigusa kila siku," Shangazi alijibu. "Laiti angepumzika."

Alipoinua kichwa, Redio alikuwa amemwona. Katikati ya ubeti, mbele ya kanisa zima, alikuwa akimpungia mkono. Shangazi akamwonyesha kwa kidole, kwa ukali, amtazame mwalimu wake.